Kuingia Si Kufaa

ELIMU YA MKONO: Safu yetu ya kila mwezi



 

Katika toleo lililopita tuliahidi kuwaleteeni maelezo kamili ya mchango wa boti ya Faza. Wengi wenu mlichangia, na baadhi yenu mmetuuliza, kwa adabu lakini bila ya kuficha, kwa nini chuma cha boti hiyo kimenunuliwa mara mbili. Swali hilo ni la haki. Fedha ya mchango ni amana, na mwenye kushika amana hachukii kuulizwa. Kwa hiyo somo la ushonaji tulilokusudia litangoja. Mwezi huu tutaeleza kosa letu, namna lilivyotokea na namna lilivyorekebishwa, pamoja na mambo ambayo kila mwenye nia ya kupeleka chuma nyumbani hana budi kuyajua kabla hajatoa riyali yake ya kwanza.

BOTI NA NJIA YAKE

Kwa faida ya wasomaji wapya, tukumbushe kidogo. Familia 14 za hapa Al Mansoura na mitaa ya jirani, nyingi zenye asili ya visiwa vya Lamu, huchangia matengenezo ya boti moja iliyoko Faza, katika kisiwa cha Pate. Jamaa zetu waliinunua kutoka hoteli moja ya kitalii iliyokuwa ikiuza vyombo vyake. Ni boti ya faiba, yenye injini ya petroli ya MerCruiser, silinda 6, lita 4.3, ya mwaka 1989. Kazi yake ya kwanza ni kuwapeleka wagonjwa na akina mama wajawazito katika Hospitali ya King Fahd, Lamu. Siku ambazo hakuna mgonjwa hukodishwa, ili ijipatie mafuta yake yenyewe.

Zamani wazee wetu walileta boriti za mikoko kutoka Lamu hadi bandari za Ghuba, na mapaa ya nyumba kongwe za Doha yamelala juu ya boriti kama hizo. Leo mambo yamegeuka: sisi ndio tunaotafuta vyuma huku Ghuba na kuvipeleka Lamu. Bahari ni ile ile. Mzigo ndio uliobadilika.

Wanaoijua safari ya Faza hadi Lamu wanajua kwamba aghalabu vyombo hupita Mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara. Ni njia nyembamba, ina mikoko pande zote mbili, na maji yake si mengi. Maji yakijaa hupitika vizuri. Yakipwa, chombo hakina pa kupita. Nahodha wa njia hiyo huondoka kwa kutazama maji kabla ya kutazama saa. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani litarudi.

MGUU NI NINI

Michoro haitoki vyema katika fotokopi, kwa hiyo tutaeleza kwa maneno. Kuna namna kuu tatu za kufunga mashine katika boti. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea, ambapo mashine nzima huning'inia nje, nyuma ya tezi. Ya pili ni ya vyombo vikubwa: injini imo ndani, na shafti ndefu hutoka chini ya chombo hadi kwenye rafadha. Ya tatu imechukua kidogo kwa hizi mbili. Injini hukaa ndani, karibu na tezi, lakini nguvu yake hupita katika tundu la ukuta wa tezi na kuingia katika mtambo ulioko nje. Mtambo huo una gia juu, shafti ya wima katikati, gia nyingine chini, na rafadha mwishoni. Kwa jina la kigeni huitwa stendraivi. Sisi hapa tutauita mguu, kwa kuwa ndivyo unavyoonekana.

Kampuni ya Volvo Penta ya Sweden iliuonesha ulimwengu mguu wake ulioitwa Aquamatic mwaka 1959, na MerCruiser ya Marekani ikaja na wake mwaka 1961. Faida yake ni kwamba huinuliwa kwa haidroliki boti ifikapo penye maji machache, na hugeuka kushoto na kulia, ukafanya kazi ya usukani. Kwa njia kama ya Mkanda, faida hiyo si ndogo.

KOSA LETU

Mwaka jana mguu wa asili wa boti yetu uliharibika. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya ndani ya mafuta ya gia, na gia zikasagika. Fundi wa Faza, mzee ambaye sote humwita Ami, alitupigia simu na kutuambia kwamba injini bado ni nzima. Kinachotakiwa ni mguu tu. Alituletea na picha.

Watu wanne miongoni mwetu tukapewa kazi ya kuutafuta. Kwa Ijumaa tatu mfululizo, baada ya sala, tulizunguka karakana na yadi za Sanaiya. Ijumaa ya tatu tukaupata mguu uliotoka katika boti iliyovunjwa. Ulikuwa wa MerCruiser, wa namna ya Alpha One ya kizazi cha kwanza, kama ule wetu. Tukalinganisha urefu wake, rangi yake, na matundu yake sita ya bolti. Kila kitu kilikubaliana na picha. Bei ilikuwa nafuu, muuzaji alikuwa na haraka, na kontena la pamoja la kwenda Mombasa lilikuwa linafungwa siku mbili baadaye.

Tulikuwa na fundi wetu wa kweli, kijana wa hapa Al Mansoura anayefanya kazi ya mashine za baharini, lakini siku ile alikuwa kazini. Hatukumngoja. Tulijiona tunaweza. Kibandiko cha kiwandani kilichokuwa ubavuni mwa mguu kilikuwa kimechunwa na jua, kisha kikapakwa rangi juu yake, nasi tukaichukulia rangi hiyo mpya kuwa ni uzuri. Swali moja hatukuliuliza: mguu huu ulikuwa umefungwa nyuma ya injini gani?

Wiki kadhaa baadaye Ami akapiga simu. Tukamuuliza, "Ami, mguu umeingia?" Akajibu kwa furaha, "Umeingia kama pete kidoleni, wanangu." Jioni ile tulikula halua.

USIKU WA MKANDA

Boti ilifanya kazi. Akiwamo Ami na kijana mmoja tu, ilikwenda. Ilikuwa nzito kidogo wakati wa kuondoka, lakini Ami alidhani ni kwa sababu ilikaa muda mrefu nchi kavu.

Kisha ukaja usiku wa safari yenyewe. Mama mmoja mjamzito alishikwa na uchungu, na mkunga akaona hali haimridhishi, akaamuru apelekwe Lamu. Walipanda watu saba pamoja na Ami. Ami alihesabu maji, akaona wakiondoka saa ile watapita Mkanda kabla hayajapwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa boti aliyoijua. Haikuwa sahihi kwa boti tuliyompa.

Na watu saba ndani, boti haikuinua kifua chake juu ya maji. Ilibaki inayasukuma maji kama jahazi lililojaa mchanga. Injini ikaguna, ikaanza kugonga, na kipimo cha joto kikapanda. Ami akapunguza mafuta ili asiiue injini, na mwendo ukazidi kupungua. Walipofika Mkanda maji yalikuwa yamekwisha kukimbia. Wakapwelewa katikati ya mikoko, usiku, na mama yule mikononi mwa mkunga, hadi maji yaliporudi karibu na alfajiri.

Waliingia Lamu jua limekwisha kuchomoza. Mtoto alizaliwa salama siku ile ile, na mama yake ni mzima. Tunalisema hili mapema ili moyo wa msomaji utulie. Lakini mioyo ya sisi wanne tuliokwenda Sanaiya haikutulia, wala hatuombi itulie upesi.

HESABU TULIYOPASWA KUIFANYA

Usiku uliofuata fundi wetu alimpigia Ami simu, nasi tumemzunguka. Aliuliza swali moja tu: "Ami, ukiifungulia mafuta yote, saa ya mizunguko inasoma ngapi?" Ami akajibu, "Elfu tatu na mia nne, mwanangu. Haipandi zaidi." Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mguu huo si wa injini hiyo."

Injini ile ya lita 4.3, ikifunguliwa mafuta yote, yatakiwa kufika baina ya mizunguko 4,400 na 4,800 kwa dakika. Ikiishia 3,400, kuna kitu kinachoikaba. Na kitu hicho ndicho kiini cha somo letu: uwiano wa gia.

Injini huzunguka mbio zaidi kuliko rafadha. Gia zilizomo ndani ya mguu hupunguza mbio hizo na kuziongeza nguvu. Uwiano hutuambia injini izunguke mara ngapi ili rafadha izunguke mara moja. Katika miguu ya Alpha One ya miaka ile, injini ya silinda 4 ya lita 3.0 ilipewa uwiano wa 1.98. Silinda 6 ya lita 4.3, kama yetu, ilipewa 1.84. Silinda 8 ya lita 5.7 ilipewa 1.50. Katika vitabu vya baadaye uwiano huo huo huandikwa 1.94, 1.81 na 1.47, kwa hiyo msomaji akikuta tofauti hiyo ndogo asihangaike. Sababu ya mpango huu ni nyepesi: injini yenye nguvu kubwa inaweza kuzungusha rafadha mbio, na injini ndogo lazima isaidiwe.

Sasa tupige hesabu. Injini yetu ikizunguka mara 4,600 kwa dakika, na uwiano ukiwa 1.84, rafadha huzunguka mara 2,500. Mguu tuliounua ulitoka nyuma ya injini ya silinda 8, wenye uwiano wa 1.50. Injini ikizunguka mara zile zile 4,600, rafadha ingelazimika kuzunguka karibu mara 3,067. Huenda mtu akaona hiyo ni faida. La! Maji hayasukumwi bure. Rafadha ile ile ikiongezewa mbio kwa kiasi cha robo, nguvu inayotakiwa kuizungusha hukaribia kuwa maradufu. Injini ya silinda 6 haina nguvu hiyo, kwa hiyo hushindwa kupanda, ikabaki inaguna chini.

Vijana wataelewa kwa mfano wa baiskeli yenye gia nyingi. Mtu akipanda kilima kwa gia nzito, atasimama juu ya pedeli, magoti yamuume, na baiskeli isimame. Si kwamba pedeli haikuingia mahali pake. Imeingia vizuri kabisa. Na Ami akiwa na kijana mmoja alikuwa kama mpanda baiskeli katika barabara tambarare. Kilima hakikuonekana mpaka walipopanda watu saba.

Kinyume chake nacho ni hatari. Mwenye injini ya silinda 8 akifunga mguu wa silinda 4, injini itakimbia kupita kiasi chake, na nguvu itakayofika katika shafti ya wima na gia za chini itazidi ile zilizotengenezewa. Zitavunjika.

Ili kupata uhakika, Ami aliufungua mguu, akafanya jaribio ambalo sisi tulipaswa kulifanya Sanaiya kwa kipande cha chaki. Aliuweka mguu katika gia ya mbele. Akatia alama ya chaki kwenye bawa moja la rafadha, na alama nyingine kwenye shafti ya juu, ile inayopokea nguvu ya injini. Kisha akazungusha shafti ya juu polepole kwa mkono, huku mjukuu wake akihesabu mizunguko ya rafadha. Rafadha ilipotimiza mizunguko 10, shafti ya juu ilikuwa imezunguka mara 15. Ingekuwa mguu wetu wa haki, ingezunguka mara 18 na kiasi cha nusu hivi. Ingekuwa wa silinda 4, ingekaribia 20. Jaribio hilo halihitaji kibandiko wala kitabu. Linahitaji chaki na subira, na sisi subira ndiyo tuliyoikosa.

DAWA YA MUDA NA DAWA YA KUDUMU

Boti haikuweza kungoja kontena jingine, kwa sababu wagonjwa hawangoji. Fundi akashauri dawa ya muda kwa njia ya rafadha. Kila rafadha ina kipimo cha mkato wake, kinachohesabiwa kwa inchi: ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipunguza mkato kwa inchi 1, injini hupanda kwa mizunguko 150 hadi 200. Rafadha yetu ilikuwa ya inchi 19. Tukapata ya inchi 15, ya aluminiamu, na jamaa mmoja aliyekuwa anasafiri akaichukua katika sanduku lake baina ya nguo za watoto. Saa ikapanda hadi karibu 4,100, na boti ikaweza kuinua kifua ikiwa na watu saba.

Wapo watakaosema: tungepunguza mkato zaidi, tukamaliza. Yumkini saa ingesoma vyema. Lakini rafadha ya mkato mdogo inayozunguka mbio hupoteza nguvu majini kuliko ile iliyokusudiwa na waliounda chombo. Tena tungekuwa tumelifunika kosa badala ya kuliondoa. Fundi wa kesho, asiyejua kisa, angefunga rafadha ya kawaida, na boti ingerudi pale pale, pengine kwa mama mwingine.

Dawa ya kudumu ilikuwa ndogo kuliko tulivyohofia. Katika Alpha One, tofauti ya uwiano hutokana na gia za nusu ya juu ya mguu. Nusu ya chini ni moja kwa wote. Kwa hiyo hatukuhitaji mguu mzima. Safari hii tulimngoja fundi. Muuzaji wa kwanza alitupa nusu ya juu safi na ya kung'aa, lakini fundi aliikataa: ilikuwa ya kizazi cha pili kilichoanza mwaka 1991, na nusu za vizazi hivi viwili hazifungani. Baada ya wiki kadhaa tukapata mguu uliogonga mwamba, pezi lake la chini limevunjika, lakini gia zake zinazunguka bila ya mkwaruzo. Tukaujaribu kwa chaki pale pale, juu ya meza ya muuzaji, mara tatu: mizunguko 10 chini, 18 na kitu juu. Tukanunua nusu ya juu peke yake, tukaicha iliyovunjika.

Sasa boti ya Faza ina uwiano wake wa haki na rafadha yake ya inchi 19. Ami anatuambia saa inafika 4,500. Mara hii hakutaja pete wala kidole. Alisema tu, "Imepanda, wanangu," nasi tukaelewa.

MASWALI SITA KABLA YA KUNUNUA

Kwa kuwa tunajua baadhi yenu mna jamaa wenye boti Mombasa, Unguja, Pemba na kwengineko, tunaandika hapa maswali tuliyofundishwa. Mkate ukurasa huu muuweke.

1. Ukoo na kizazi. Mguu wa kampuni moja haufungwi kwenye tezi la kampuni nyingine kwa kutaka tu, na hata ndani ya kampuni moja kuna koo na vizazi. Ombeni namba ya kiwandani ya injini na ya mguu wa zamani kabla ya kutoka nyumbani. Picha peke yake haitoshi.

2. Uwiano. Ulizeni mguu ulitoka nyuma ya injini gani. Jibu lolote mtakalopewa, lithibitisheni kwa chaki.

3. Njia ya maji. Katika Alpha, pampu ya maji ya bahari yanayopoza injini imo ndani ya mguu, sehemu ya chini. Katika Bravo, ndugu yake mkubwa wa kampuni ile ile, pampu imefungwa kwenye injini. Anayechanganya koo hizi bila ya kujua anaweza kuiacha injini bila ya maji kabisa. Vile vile gia za Alpha huhitaji swichi inayokata moto wa injini kwa nukta moja wakati wa kutoa gia. Bravo haibadili gia kwa namna hiyo.

4. Mafuta ya ndani. Fungueni bolti ya kumwagia mafuta. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakitoka na vumbi la chuma au vipande, gia zinaliwa. Muuzaji anayekataa mafuta yasitazamwe, mwacheni na mguu wake.

5. Mstari wa injini na mguu. Hili ni la siku ya kufunga, na kwa boti kongwe ndilo kubwa. Raba zinazobeba injini huchoka, na injini ikashuka kidogo kidogo kwa miaka. Mguu mpya ukifungwa bila ya kuiweka injini sawa, meno ya kiunganishi yatalika upesi. Mafundi hutumia fimbo maalumu ya chuma inayopita katika beringi ya tezi hadi ndani ya injini. Fimbo hiyo lazima iingie na kutoka kwa mkono, bila ya kupigwa nyundo. Badilisheni na mpira wa mikunjo unaoziba tundu la tezi maadamu mguu umeshafunguliwa. Mpira huo ukipasuka, maji huharibu krosi na beringi, na yanaweza kuizamisha boti ikiwa imefungwa gatini usiku, watu wamelala.

6. Saa ya mizunguko. Kazi isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka boti ijaribiwe ikiwa na mzigo wake wa kawaida, mafuta yote yamefunguliwa, na saa isome ndani ya kipimo cha injini. Sisi tulisherehekea siku ya kufunga, na siku ya mzigo ndiyo iliyotuumbua.

Tuongeze neno kwa wanaonunua vyuma vya hapa hapa. Maji ya Ghuba yana chumvi kuliko ya bahari kuu, na wakati wa kiangazi huwa ya moto sana. Aluminiamu ya mguu huliwa upesi ikiwa vile vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe badala yake vimekwisha na havikubadilishwa. Rangi mpya isiwadanganyeni. Chukueni msumari, mguse penye vifundo na karibu na rafadha. Chuma kilichooza chini ya rangi hubonyea.

HESABU YA AMANA

Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari ni hili. Mguu wa kwanza ulinunuliwa kwa fedha ya mchango wenu. Rafadha ya muda, nusu ya juu ya pili, na gharama ya kuisafirisha, tumezilipa sisi wanne tuliokwenda Sanaiya, kwa kuwa haraka ilikuwa yetu. Baadhi yenu mliosikia mlitaka kuturudishia. Tunawashukuruni, lakini hatukukubali. Nusu ya juu ya uwiano wa 1.50 imehifadhiwa Faza, imepakwa grisi na kufungwa. Akipatikana mwenye injini ya silinda 8 inayoifaa, itauzwa, na fedha yake itaingia katika sanduku la mchango, si mifukoni mwetu. Rafadha ya inchi 15 imebaki ndani ya boti kuwa akiba. Risiti zote zimo katika daftari, na daftari liko wazi kwa kila aliyechangia, hata kama alichangia riyali tano.

Katika ndoa wazee huuliza habari ya kufu. Hawatosheki na sura wala nguo, wala kwamba wawili wamekubaliana siku ya posa. Huuliza je, watachukuana siku ya mzigo? Tulikuwa tukidhani suala hilo ni la watu peke yao. Sasa tunajua kwamba chuma nacho kina kufu yake, na kwamba kuingia si kufaa.

Mama aliyepwelewa Mkanda ametuletea salamu. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Ametuomba tu tumshukuru kila aliyechangia, nasi tunafikisha kama alivyotuagiza.

Tukijaaliwa, mwezi ujao tutarudi kwenye ushonaji: namna ya kukata kanzu ya mtoto bila ya kupoteza kitambaa. Hapo pia tutapima kwanza.

Wassalaam alaykum.